Huyu Ako na Pumzi

Mzee wangu alipiga tuba katika bendi ya jeshi kwa miaka 19. Wenye tarumbeta ndio waliopigiwa makofi. Yeye alikaa nyuma ya msafara na lile dude la shaba begani, akitoa noti mbili tatu za chini ambazo hakuna aliyezitambua, mpaka siku moja akaugua malaria, bendi ikatoka bila yeye, na watu wakauliza mbona muziki wa leo umekonda.

Nyumbani, kambini Jinja, Uganda, alifanya mazoezi jioni kwa kile kipande cha kupulizia tu, kwa sababu tuba yenyewe ilikuwa mali ya serikali na ililala stoo. Kipande hicho bila tuba hutoa sauti ya ajabu sana, kama ng'ombe anayeongea usingizini. Sisi watoto sita tulilala kwa sauti hiyo. Ninaanza na yeye kwa sababu nia yangu ni kuandika juu ya albamu ya Wafini iliyotoka 1993, na kila nikianza na Wafini ninajikuta nimerudi kwa mzee.

Bendi inaitwa Demilich. Ilizaliwa 1990 katika mji wa Kuopio, Ufini, mji uliozungukwa na maji ya ziwa Kallavesi. Walikuwa vijana wanne: Antti Boman aliimba na kupiga gitaa, Aki Hytönen gitaa la pili, Ville Koistinen gitaa la besi, Mikko Virnes ngoma. Walitoa demo kadhaa, yaani rekodi za majaribio, kati ya 1991 na 1992, kisha albamu moja, Nespithe, nyimbo 11 za dakika 39 hivi, kupitia lebo ndogo ya muziki ya Necropolis. Jina hilo halimo katika kamusi yoyote. Zipange upya herufi zake nane na utapata maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya uti wa mgongo. Baada ya hapo bendi ikavunjika. Imekusanyika tena mara kadhaa kwa maonyesho, na 2014 lebo ya Svart ya hukohuko Ufini ikatoa mkusanyo wa kazi zao zote, pamoja na nyimbo chache walizorekodi 2006. Lakini miongo mitatu baada ya Nespithe, hiyo ilikuwa bado ndiyo albamu yao pekee.

Mimi niliipata kwenye kafe ya intaneti, Main Street, Jinja, nilipokuwa na miaka 20. Rafiki yangu mmoja wa Kampala, aliyenifundisha yote ninayojua juu ya metali, ule muziki wa magitaa mazito, alikuwa ameniandikia jina kwenye karatasi ya sigara. Bendi wenyewe walikuwa wameiweka albamu nzima kwenye tovuti yao, uchukue bure. Bure kwao. Mimi nililipia dakika za kompyuta jioni tatu mfululizo, wimbo mmoja ukishuka taratibu huku mwenye kafe akinitazama kama mtu anayengoja basi lisilopita barabara hiyo.

Nilivaa spika za masikioni nikitembea kwenda nyumbani kwa njia ya reli. Wimbo wa kwanza, ule ambao jina lake ningelitafsiri kuwa Jua Lilipokunywa Uzito wa Maji, hauna utangulizi. Magitaa yanaanza tu, yakiyumba, kama mtu anayeshuka ngazi gizani na kukuta ngazi moja imeng'olewa. Kisha sauti ya Boman ikaingia. Nikasimama. Nilidhani faili limeharibika. Nikarudisha nyuma, nikasikiliza tena, na safari hii nikajua nimeisikia wapi. Ilikuwa ile sauti ya jioni kambini.

Kwa asiyeujua muziki huu, deth-metali ni tawi la metali lililoshika kasi mwishoni mwa miaka ya 1980. Waimbaji wake hawapandi juu, wananguruma. Florida walikuwa na mtindo wao, wa kasi na makali. Stockholm wakawa na wao, wenye gitaa linalovuma kama msumeno. Ufini ilikuja nyuma kidogo ikiwa na sauti nzito zaidi, yenye unyevu, na bendi zake nyingi za wakati ule hazikutoka nje ya duara la wapenzi waliobadilishana kaseti kwa posta. Hayo yanatosha.

Ninachotaka kuzungumzia ni koo la Boman. Waimbaji wengi wa deth-metali husimama mbele ya muziki na kukushambulia. Hata maneno usipoyashika, unajua unafokewa. Boman hafoki. Sauti yake iko chini sana, ni ya kubingirika, karibu na mbeuo mrefu usio na mwisho, nayo haiko mbele ya ala, imelala katikati yao. Kazi yangu ni mitambo ya sauti. Ninafunga spika kwenye kwanjula, ile sherehe ya Baganda ya kumtambulisha mchumba, harusi, mazishi na mikutano ya injili, kwa hiyo sikio langu hutafuta kwanza kila kitu kimekaa wapi. Kwenye Nespithe mwimbaji amekaa mahali ambapo kwa kawaida hukaa besi na ngoma ya mguu. Ukiikuza sauti yake humsikii vizuri zaidi. Unamhisi zaidi, hapa, chini ya kifua. Watu walipoisikia mara ya kwanza waliamini ni mtambo unaogeuza sauti, na maelezo yaliyoambatana na albamu yakasema wazi kwamba hakuna mtambo uliotumika. Ni mtu na koo lake.

Nimekutana na wapenzi wa metali wanaoichukulia sauti hiyo kama kichekesho cha kuwaonyesha wageni, sekunde 20 hivi, kisha wanaizima. Inaniuma. Ndiyo sababu kubwa ya mimi kuandika haya. Ukiizima baada ya sekunde 20 umesikia koo tu, hujafika kwenye magitaa, na magitaa ndiyo yaliyonichukua miaka.

Kwa muda mrefu sikuweza kuyahesabu. Ninapenda kugonga meza kwa vidole ninaposikiliza, na kwenye Nespithe vidole vyangu vilikuwa vinapotea. Rifu, yaani kipande cha gitaa kinachojirudia, inazunguka mara tatu, kisha mara ya nne inakosa pigo moja, au inaongeza pigo, na Virnes kwenye ngoma hatoi ishara kwamba kuna kilichobadilika. Anapita tu juu yake kama bodaboda anayelijua shimo la barabarani kwa moyo. Magitaa mawili hayafanyi jambo moja. Moja linapinda kushoto, jingine linakwenda kulifuata, yanakutana kwa nusu sekunde, yanaachana. Hakuna sehemu ya kuimba pamoja. Hakuna gitaa la kujionyesha linalochukua uwanja kwa dakika nzima. Nilikuwa ninafikiri labda hawajui kupiga. Nisamehewe, nilikuwa kijana.

Jibu nililipata mahali ambapo sikulitafuta. Niliitwa kufunga vipaza sauti kwenye sherehe moja vijijini Busoga, na wenyeji walikuwa na embaire. Msomaji wa Mombasa au Dodoma huenda hajaiona. Ni marimba ya magogo, makubwa kuliko marimba yoyote uliyowahi kuyafikiria. Vibao vyake vya mbao vinalazwa juu ya vigogo vya migomba, na chini yake linachimbwa shimo. Shimo ndilo spika yake. Hakuna mtu mmoja anayeweza kuyapiga. Siku ile nilihesabu watu sita, wamekaa pande mbili wakitazamana, kila mmoja na kipande chake kidogo ambacho peke yake hakina maana. Huyu anagonga hapa, yule anagonga katikati ya mapigo ya huyu, na kutoka katikati ya wote unatokea wimbo ambao hakuna hata mmoja wao anayeupiga.

Nilikuwa nimekuja na vipaza sauti vinne. Nikapeleka kimoja ukingoni mwa shimo, nikachuchumaa, na noti za chini zikanipiga kwenye magoti kabla ya kufika masikioni. Ardhi ilikuwa inaongea. Nikaacha kuhesabu. Kuhesabu kulikuwa kumenizuia muda wote. Nilikuwa ninamfuata mpigaji mmoja ilhali wimbo haukai kwa mpigaji yeyote. Ujanja huu Uganda una umri mrefu. Baganda wana amadinda yenye vibao 12, wapigaji wawili wakijibizana kwa kasi na wa tatu akidokoa vibao viwili vya mwisho, na huko Mengo muziki wa ikulu ulipigwa hivyo mpaka jeshi lilipoivamia ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda, mwaka 1966. Busoga kuna bigwala pia, mabaragumu ya vibuyu, kila moja lina noti moja tu, hivyo wimbo unahitaji kundi zima la watu ili uwepo. UNESCO iliiweka bigwala mwaka 2012 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Nayo embaire ya kijiji cha Nakibembe sasa inasikika dunia nzima, baada ya lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala kutoa albamu ya wapigaji wake mwaka 2023.

Niliporudi mjini usiku ule niliiweka Nespithe na sikugonga meza. Nilisikiliza kama nilivyosikiliza shimo. Na yale magitaa mawili, ambayo kwa miaka niliyaona yamepotezana, yalikuwa yanajibizana. Wimbo ulikuwa katikati yao. Sidai kwamba vijana wa Kuopio walikuwa wamesikia hata noti moja ya Busoga. Ninasema sikio langu lilifunguliwa na Basoga ndipo likawasikia Wafini.

Halafu kuna suala la woga. Mchungaji mmoja aliniita kufunga mitambo ya mkesha. Mchana, kabla ya watu kuja, nilitaka kupima spika za besi, na kwa kupima besi sijapata kitu bora kuliko wimbo wa pili wa albamu hii, ule wenye jina refu la mtoto wa kumi na sita mwenye meno sita. Mchungaji akaingia mbio. Akaniuliza ninamwita nani. Nikamweleza kwamba ni wimbo tu, kwamba hauna shetani ndani yake, kwamba mashairi yake ni ndoto za ajabu kuhusu sayari na viumbe visivyokuwepo. Hakunisikia. Alikuwa ameshasikia sauti, na sauti ilimtosha. Kazi ile ilikwenda kwa mtu mwingine.

Sikumkasirikia, kwa sababu jambo hilo nililijua tangu utotoni, kwa upande mwingine. Mimi ni mtoto wa kambi. Baba Mkakwa, mama Mwacholi, majirani Walangi, Walugbara, Waiteso. Lugha yetu ya nyumbani ikawa Kiswahili. Mama alinibembeleza kwa Kiswahili. Nilifundishwa kusali, kunawa na kuomba msamaha kwa Kiswahili. Nje ya geti la kambi lugha hiyohiyo ilikuwa kitu kingine kabisa. Wazee wa mjini walikuwa wameisikia kwenye vizuizi vya barabarani, usiku, kutoka kwa watu wenye bunduki. Rais Idi Amin, aliyetawala kwa jeshi, aliitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na kwa watu wengi ikabaki na harufu ya miaka ile. Siku moja, nikiwa na miaka 9, nilimwita dada yangu kwa sauti sokoni, "Wewe, kuja hapa!", na mama mmoja muuza nyanya akashtuka hadi mizani ikamwanguka. Nilikuwa ninamwita tule chapati.

Katiba iliibadilisha hali hiyo kwenye karatasi mwaka 2005, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, na 2022 baraza la mawaziri likaagiza kifundishwe shuleni. Nimefurahi. Hata hivyo yule mama wa nyanya bado ninamfikiria. Hakukosea kuogopa, aliyoyapitia aliyapitia. Lakini alichokisikia hakikuwa kile nilichokisema. Kila mtu anapoisikia sauti ya Boman na kuniambia kwamba huyo mtu ana chuki, au ana pepo, ninaiona ile mizani ikianguka.

Nisiifanye albamu hii kuwa malaika. Ina wimbo mmoja ambao jina lake limetumia neno la ubakaji kama pambo, kama walivyofanya vijana wengi wa aina hii ya muziki wakati ule, na mimi huuruka; hakuna rifu inayonifanya nilizoee neno hilo. Pia kuna mahali katikati, baada ya wimbo wa saba hivi, ambapo sikio huchoka. Mwendo haubadiliki vya kutosha, sauti haitoki pale ilipolala, na asiye na uvumilivu atashindwa kutofautisha wimbo na wimbo. Ninashauri mapumziko hapo, ule, urudi. Wimbo wa tisa, wenye jina refu kuliko zote, juu ya sayari iliyokuwa ikifyonza nyama ili ipate uungu, una mteremko wa magitaa ambao kwa maoni yangu ndio kilele cha albamu nzima, na ni wa kusikilizwa na sikio lililopumzika.

Marafiki wa Kampala huniuliza kwa nini ninahangaika na Wafini wa 1993 wakati sisi wenyewe tuna bendi ya metali ya Vale of Amonition, na Nairobi ilitoa Duma, wale wawili ambao albamu yao ya 2020 ilitolewa hapahapa na Nyege Nyege Tapes. (Msomaji wa Kiswahili asimfikirie mnyama. Jina hilo wamelitoa kwenye Kikikuyu, ni giza.) Ninawasikiliza wote, na Duma nikiwa na nguvu za kutosha. Ila hao tayari wana watu wa kuwasemea. Nespithe mtu anakutana nayo kama nilivyokutana nayo mimi, kwenye karatasi ya sigara, na akiikosa hakuna atakayemwambia kwamba amekosa kitu.

Mzee alistaafu na sasa anakaa nami, Walukuba. Masikio yake yamepungua, ya juu yamekwenda, ya chini yamebaki, ndivyo ilivyo kwa waliosimama miaka mingi karibu na ngoma kubwa. Mwaka jana, siku ya mvua, nilikuwa ninatengeneza spika moja iliyopasuka utando, na nilipomaliza nikaijaribu na Nespithe. Sikujua kama ameamka. Akatoka chumbani na blanketi mabegani, akavuta kiti, akakaa mbele ya spika kama anayeota moto.

Nilinyoosha mkono nizime.

"Wacha," akasema.

Akasikiliza wimbo mzima bila neno. Ulipoisha akaniuliza, "Huyu ni mtu?"

"Ni mtu, mzee. Mzungu wa Ufini."

"Bila mashine?"

"Bila mashine."

Akatikisa kichwa polepole. "Huyu ako na pumzi."

Nikamwambia watu wanasema ana hasira. Mzee akanitazama kwa mshangao wa kweli, kama nimesema tuba ni chombo cha kuchotea maji.

"Hasira? Mtu ako na hasira, koo inafunga. Inakaza hivi." Akajishika shingo. "Sauti inapanda juu. Sisi tulikuwa tunakatazwa kupiga kama umegombana na mtu, noti ya chini haitoki. Hii ya huyu, lazima ulegee kabisa. Mdomo ulegee, koo ifunguke, mabega yashuke. Sikia. Huyu amelegea kama mtoto amelala."

Nimesoma mengi juu ya Demilich. Sijasoma popote maelezo yaliyoifikia hiyo. Miaka yote nilikuwa ninaitetea sauti ile kwa kusema haina madhara, na mzee, ambaye hajui deth-metali ni nini, akaisikia kazi iliyofanyika ndani yake: mtu aliyeshusha mabega akaacha hewa ipite.

Aliingia chumbani. Nikadhani amechoka. Akarudi na soksi, na ndani ya soksi kile kipande cha kupulizia, cha kwake mwenyewe alichonunua kwa mshahara wake, shaba imekuwa nyeusi pembeni. Akakifuta kwa blanketi. Akaniambia nirudishe wimbo mwanzo. Magitaa yakaanza kuyumba, mvua inapiga bati, na Boman alipoingia mzee akawa tayari amevuta pumzi. Noti yake ya kwanza ilikuwa hewa tupu. Ya pili ikakatika. Ya tatu ikakaa, chini kabisa, pale pale alipolala yule mwingine, na spika niliyoitengeneza asubuhi ile ikaanza kutetemesha vikombe mezani.